Dar hadi Mbeya kwa pikipiki: upige siku moja, mbili au tatu?

Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830 ukipita Moro na Iringa, na kila likizo ikikaribia swali linakuwa lile lile, nipige siku moja au nilale njiani, na nikilala nilale wapi. Majibu mengi utakayopewa ni ya kilomita. Mtu anakwambia mimi kwa siku napiga 600, mwingine 800, na wewe unaibeba hiyo namba unaipeleka kwenye piki yako ya cc 150 kama vile barabara ni moja na mwili ni mmoja. Mi nashauri tulinganishe kwa saa unazokaa kwenye kiti, na kwa kuangalia kile kipande kigumu kinakukuta saa ngapi ya siku, kwa sababu kilomita 70 za Kibaha kwenda Chalinze na kilomita 70 za kutoka mlima Kitonga kuingia Iringa hazichoshi sawa hata kidogo.

Kwanza hesabu ya mwendo, maana hapa ndo wengi wanajidanganya. Piki ya cc 150 (Boxer, TVS, zile zile za boda) inatembea 80 bila kulalamika sana, lakini wastani wa siku nzima sio 80. Kuna vibao vya 50 kila kijiji, tochi za trafiki, matuta, malori ya Zambia na Kongo yanayopanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, kuna sheli, msosi, kukojoa, kunyoosha mgongo. Ukijumlisha vyote, wastani wa kweli ni kama kilomita 50 kwa saa. Piki ya cc 250 kwenda juu unaweza kuweka 60, na sio kwa sababu inakimbia sana, ni kwa sababu inaovateki lori haraka na haikutetemeshi mikono. Atakayekwambia wastani wake ni 90 barabara hii, ama hajahesabu mapumziko ama amepita vijiji vya watu kwa spidi ambayo mimi sitaki kuisikia.

Sasa weka hizo namba kwenye barabara.

SIKU MOJA

Kwa cc 150, 830 gawanya kwa 50 ni saa 16 na nusu. Umetoka Dar saa 11 alfajiri, unaingia Mbeya saa 3 na nusu usiku, na hapo hujapata pancha wala mvua. Kwa cc 250 ni karibu saa 14, unafika saa 1 usiku, giza limeshaingia, na kipande cha mwisho chote cha Igurusi, mlima wa Inyala mpaka Uyole unakipita na taa za semitrela zinakupiga machoni.

Wanaoitetea siku moja wana hoja na nisiwadharau. Unaokoa hela ya gesti, unapata siku nzima zaidi na wazazi, na kuna watu duniani wanapiga maili 1,000, yaani kilomita 1,600 na kitu, ndani ya saa 24 na wanapewa cheti na Iron Butt Association ya Marekani, chama cha waendesha piki wa safari ndefu. Kweli kabisa, lakini wale wanapiga kwenye barabara kuu zenye njia mbili mbili kila upande, hakuna matuta, hakuna ng'ombe, hakuna lori linalokuja upande wako. Huwezi kuchukua namba ya kule ukaileta Kitonga.

Halafu kuna hili la kukaa macho, ambalo kwangu ndo linalomaliza mjadala. Ukiamka saa 10 alfajiri kujiandaa, ikifika saa 3 usiku umekaa macho saa 17. Watafiti wa usingizi walishapima kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hivi, wepesi wake wa kuona kitu na kuchukua hatua unashuka mpaka unafanana na wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya ukikizidi hauruhusiwi kuendesha. Yaani hujagusa bia hata moja na unapita Inyala kama umekunywa. Na hao watu walipimwa wamekaa ndani wametulia, wewe umepigwa na upepo na jua kutwa nzima.

Kwa hiyo siku moja naikubali kwa mtu mmoja tu, mwenye piki kubwa, mwepesi wa mzigo, hana abiria, ameshapita njia hii mara nyingi na yuko tayari kabisa kulala Makambako akiona mwili umekataa. Kama huna utayari huo wa kulala Makambako basi hiyo siku moja sio mpango.

SIKU MBILI, HAPA NDO KWENYE KAZI

Wengi tunaangukia hapa na wengi tunalala Iringa, kwa sababu Iringa ni mji mkubwa, gesti kibao, na inaonekana iko katikati. Ila haiko katikati. Dar–Iringa ni kama 500, Iringa–Mbeya ni kama 330. Kuna chaguo la pili watu hawalifikirii, kulala Mikumi mjini, hapo inakuwa kama 310 siku ya kwanza na 520 siku ya pili. Kwenye karatasi, hii ya Mikumi inaonekana mbaya zaidi. Sasa tuziweke pamoja.

Ukilala Iringa, na una cc 150, na umetoka saa 12 asubuhi: Moro unafika kama saa 4, hifadhi ya Mikumi unaipita kuelekea saa 6 mchana, jua la utosi, unakwenda taratibu kwa sababu barabara inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50, kuna matuta, kuna tembo na twiga na nyani, na vibao vya faini ya kila mnyama viko pale vinasomeka. Ukitoka Mikumi unaingia bonde la mibuyu, unafuata mto Ruaha, na hapo joto ni la kweli, upepo unaokupiga kifuani ni wa moto. Ruaha Mbuyuni unafika kama saa 8 mchana. Kisha saa 9 kasoro hivi uko Kitonga.

Angalia hiyo saa. Mwili wa binadamu una vipindi viwili vya kulegea ndani ya saa 24, kimoja ni usiku wa manane kuelekea alfajiri na kingine ni mchana kati ya saa 7 na saa 10. Hii haitokani na ubwabwa uliokula, ubwabwa unaongezea tu. Kwa hiyo kile kipande kigumu kuliko vyote, kona kali, ukuta wa mlima upande huu na korongo upande ule, lori limepakia linapanda mbele yako na lingine linashuka breki zinanuka, unakikuta ukiwa na saa 8 na nusu kwenye kiti, umetoka kwenye joto, na mwili uko kwenye saa yake ya kusinzia. Uzito wa siku ya kwanza ya Iringa uko hapo, hizo 500 peke yake wala hazitishi.

Ukilala Mikumi mjini, siku ya kwanza unamaliza kama saa 6 na nusu mchana. Unaoga, unalainisha cheni, unakula vizuri, unalala mapema. Asubuhi saa 12 na nusu unatoka, bonde la mibuyu lina ubaridi, Kitonga uko pale saa 3 asubuhi na kichwa kimeamka. Iringa saa 4 na nusu unakunywa chai. Inabaki 330 ya nyanda za juu ambako barabara ni nzuri na hewa ni baridi, na baridi ya wastani inakuweka macho kuliko joto. Tatizo la mpango huu liko mwisho: Makambako kwenda Igawa, Chimala, Igurusi unaelekea magharibi alasiri, jua linakupiga usoni moja kwa moja, vijiji vimejaa watu na guta na bajaji, na wewe una saa 8, 9 mgongoni. Unaingia Mbeya kama saa 11 jioni. Bado mwanga upo.

Kwa cc 150 mi nachagua Mikumi, wala sisiti. Kwa cc 250 kwenda juu mambo yanageuka, kwa sababu ukiwa na wastani wa 60 unafika Kitonga kama saa 7 mchana, kabla hujalegea sana, Iringa saa 8 na robo, siku imeisha mapema na kesho umebakiza 330 nyepesi. Hapo Iringa inashinda. Njia ile ile, siku mbili zile zile, jibu tofauti kwa sababu ya saa ya kufika mlimani.

Kuna mpango mwingine wa siku mbili watu wanaupenda sana: kutoka Ijumaa baada ya kazi, kulala Moro, Jumamosi kumalizia. Unasikika mtamu, 195 tu jioni halafu kesho 635. Siupendi. Ijumaa jioni unaanza na foleni ya Kimara mpaka Kibaha, umeshakaa macho tangu saa 11 alfajiri kwa ajili ya kazi, Mlandizi kwenda Chalinze unapita usiku kati ya malori, unalala saa 5, halafu kesho yake ndo una siku ndefu kuliko zote tulizotaja ukiacha ile ya siku moja. Usingizi uliokatwa Ijumaa utaulipia Jumamosi mchana. Bora utoke Jumamosi saa 12 ukiwa umelala.

SIKU TATU

310, halafu 190, halafu 330. Saa 6, saa 4, saa 6 na nusu. Kwa anayeanza safari ndefu, kwa mwenye abiria, kwa mwenye umri ambao kiuno kinaongea, hii ndo safari. Gharama ni gesti mbili badala ya moja. Na ile siku fupi ya katikati haipotei bure, ukishapanda Kitonga asubuhi unafika Iringa kabla ya saa 5, una nusu siku ya kwenda Isimila kuona nguzo za udongo na zana za mawe, au Kalenga kwenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Watu wanapita Iringa miaka yote hawajui wamepita nini.

KUPUMZIKA: UFUATE TENKI AU UFUATE SAA?

Wengi wanapumzika piki inapotaka mafuta. Kwa piki kubwa inayokunywa, sawa, utalazimika kusimama kila kilomita 250 au 300. Ila cc 150 ina tenki la lita 11 hivi na inakula lita moja kwa kilomita 40 na zaidi, inakufikisha 400 bila kuomba. Yaani ukifuata tenki unaweza kutoka Dar ukaja kusimama Ruaha Mbuyuni. Piki inaweza, wewe huwezi.

Fuata saa. Kila saa moja na nusu shuka, dakika 10, vua helmeti, tembea, kunywa maji. Kila mapumziko ya tatu yawe marefu, nusu saa kwenda juu na chakula. Madereva wa malori Ulaya sheria inawalazimisha kupumzika dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na wale wamekaa kwenye kabati lenye kiyoyozi na kiti cha springi. Wewe uko nje unashikilia upepo kwa shingo, saa moja na nusu sio uvivu. Na usisubiri uchoke ndo usimame, mapumziko ya kabla ya kuchoka yanarudisha nguvu haraka, ukishachoka kabisa hata saa nzima haitoshi.

Vituo vinajipanga vyenyewe ukiangalia ramani: Chalinze, Msamvu (pale Moro), Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Igurusi. Pale Ruaha Mbuyuni usiishie kwenye kununua vitunguu, kaa kivulini kabla ya kupanda mlima, hata kama hujisikii kuchoka.

KAHAWA, ENAJI, AU KULALA DAKIKA 20

Kahawa inafanya kazi, ila sio papo hapo, inachukua kama dakika 20 mpaka 30 kuingia. Ukinywa na kuondoka hapo hapo, zile dakika 20 za mwanzo uko vile vile. Enaji drinki ni kafeini na sukari nyingi, inakupandisha, ikishuka sukari inakuacha chini ya ulipokuwa, na kwenye joto la bonde la mibuyu inakupa kiu juu ya kiu. Kopo moja sina ugomvi nalo. Makopo matatu ili ufike usiku, hapana. Na ukinywa saa 11 jioni usingizi wa gesti utakuwa mbovu, maana baada ya saa tano bado karibu nusu yake iko mwilini, kesho unaanza na deni.

Kulala dakika 15 au 20 kunazidi vyote hivyo. Sio saa nzima, ukilala saa nzima unaamka mzito. Njia bora ni kuviunganisha: kunywa kahawa, kisha lala hapo hapo dakika 20, ukiamka ndo kahawa inaingia. Tafuta sheli yenye watu au mgahawa, mwambie dada wa mgahawa nalala kidogo hapo kwenye benchi, funguo mfukoni, nyoosha mgongo. Hakuna atakayekushangaa, madereva wa malori wanafanya kila siku.

Dalili za kusimama sasa hivi nazijua hivi: umepita kijiji na hukumbuki jina wala ulikipitaje, spidi inapanda na kushuka bila wewe kuamua, unakosea gia, unaanza kuwakasirikia malori, macho yanakodoa sehemu moja mbele ya tairi. Ukifika hatua ya kichwa kuanguka kidogo na kushtuka, umeshalala tayari. Kwa 80 unakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 4 ni karibu mita 90 ambazo piki imekwenda yenyewe. Kwenye gari kuna mkanda na bodi, kwenye piki hakuna cha kusubiri. Kuimba ndani ya helmeti na kufungua vaiza upepo uingie havirudishi usingizi uliokosa, vinakupa dakika mbili tatu za kufikia mahali salama pa kusimama na basi.

JOTO, BARIDI NA KELELE

Haya matatu yanachosha kuliko kilomita na hayana gharama kubwa kuyapunguza. Bondeni usivue jaketi. Hewa ikishakuwa na joto karibu na la mwili au kuzidi, kujifungulia upepo kunakukausha tu. Lowanisha fulana maji, vaa jaketi juu, fungua zipu kidogo, unapata ubaridi nusu saa nzima. Maji kunywa kidogo kidogo kila kituo, na kama hujakojoa tangu Moro na uko Ruaha Mbuyuni, umeshakauka, na aliyekauka anachoka mapema na kichwa kinauma.

Juu kinyume chake. Iringa ni zaidi ya mita 1,500 toka usawa wa bahari, Mafinga ni zaidi ya 1,800, na Juni mpaka Agosti asubuhi za Mafinga na Makambako zinagandisha vidole mpaka klachi unaibonyeza kwa kubahatisha. Glavu nzito, kitu cha shingoni, na koti la mvua juu ya jaketi hata kama hakuna mvua, linazuia upepo. Mtu wa Dar akiambiwa haamini mpaka afike.

Kelele ya upepo watu hawaihesabu kabisa. Saa 8 za vuuuu masikioni zinachosha kichwa na zinaharibu masikio. Vizibo vya sponji vya famasi ni bei ndogo, honi ya lori bado unaisikia vizuri, na jioni unashuka kichwa chepesi. Katika vitu vyote hapa, hiki ndo cha bei rahisi chenye faida kubwa.

KAMA UNA ABIRIA, NA KURUDI

Ukibeba mke, mume au rafiki nyuma, toa karibu robo kwenye kila siku. Abiria anachoka kabla yako kwa sababu hana usukani wa kushika na haoni tuta linakuja, na akisinzia nyuma uzito wake unahama kwenye kona. Saa moja na nusu iwe saa moja. Siku mbili kwa cc 150 ukiwa na abiria naiona ni ngumu mno, nenda tatu.

Kurudi sio kugeuza tu mpango. Jua la asubuhi ndo litakuwa usoni, Kitonga unaishuka badala ya kuipanda, na kushuka umechoka ni hatari kuliko kupanda umechoka. Kwa hiyo hata wenye cc 150 ambao kwenda niliwaambia walale Mikumi, kurudi walale Iringa: 330 nyepesi siku ya kwanza, asubuhi unashuka mlima ukiwa mzima, gia ya chini, breki usizing'ang'anie. Moro unafika kama saa 7 mchana. Hapo Msamvu ndo pa kuamua, kwa sababu bado una 195 zinazoishia kwenye foleni, na Jumapili jioni kila aliyetoka mjini anarudi. Kula, lala zile dakika 20, jiangalie zile dalili. Kama hata moja ipo, gesti za Moro ni nyingi, kesho saa 12 asubuhi unatoka na saa 4 hivi uko Kimara, ofisini uwe umeshaaga mapema kwamba Jumatatu utachelewa.